Rivyuu ya TI21 (EBI Track 200): inagundua treni bila kukata reli, ila mpaka wake uujue vizuri

Nitoe hukumu kwanza ili mwenye haraka zake aende. TI21, ambayo siku hizi inauzwa kwa jina la EBI Track 200, ni saketi nzuri sana ya kugundua treni kwenye njia yenye umeme mwingi, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata palepale inapojisifia, yaani zile mita kama 20 za mpakani ambako saketi moja inaishia na nyingine inaanza bila reli kukatwa. Uzuri wake uko pale na shida zake karibu zote ziko palepale. Fundi anayeuelewa mpaka ule analala usiku, asiyeuelewa atakuwa anapigiwa simu na kontroli, yaani chumba cha kuongoza treni, saa tisa usiku kila mvua ikinyesha.

Mi ni fundi wa signo, yaani taa na mitambo ya kuongoza treni, niko huku Uingereza, na kabla ya hapo nilikuwa nyumbani kwenye umeme wa viwandani. Vijana kadhaa huko Bongo wanaosomea mambo ya reli wamekuwa wakiniuliza uliza hii kitu kwa vipande vipande, leo naimwaga yote.

Kwa ambaye hajawahi kusikia saketi ya reli, mambo yako hivi. Unachukua kipande cha njia, unaingiza umeme mdogo kwenye reli mbili upande mmoja, upande wa pili unaweka rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme. Umeme ukifika rilei inashika, maana yake hakuna treni. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinapiga shoti zile reli mbili, umeme unaishia kwenye ekseli, rilei inadondoka, taa inawaka nyekundu. Mmarekani William Robinson ndiye aliyeleta hii mwaka 1872 na kanuni haijabadilika hadi leo. Utamu wake ni kwamba waya ukikatika, betri ikifa, fiyuzi ikiungua, reli ikivunjika ikaachana, rilei inadondoka vilevile na mfumo unasema kuna treni hata kama hamna. Abiria watachelewa, watatukana, ila hakuna atakayekufa. Hiyo ndo tabia ambayo kila saketi ya reli inatakiwa iwe nayo na nitairudia huko chini kwa sababu kuna siku ilishindwa.

Sasa kwanini frikwensi ya sauti, kwanini usiweke tu betri kama ya Robinson? Kwa sababu ya treni za umeme. Kwenye njia ya volti 25,000 za AC, treni inachukua umeme juu kwenye waya na kuurudisha chini kupitia reli hizihizi, mamia ya ampea. Kusini mwa London ndo balaa zaidi, pale kuna reli ya tatu ya volti 750 za DC, ampea zinaenda mpaka maelfu. Ukiweka saketi ya DC kwenye njia ya DC umejimaliza mwenyewe, maana rilei haiwezi kujua huu ni umeme wangu au wa treni. Ukiweka ya hezi 50 kwenye njia ya AC hadithi ni hiyohiyo. Kwahiyo watu wakapanda juu, wakaenda kwenye frikwensi ambazo sikio la binadamu linazisikia, hezi elfu moja na kitu mpaka elfu mbili na kitu, ndo maana zikaitwa za sauti, wala reli haiimbi jamani, niliulizwa hilo swali kweli kabisa.

TI21 ilitengenezwa na ML Engineering ya Plymouth, halafu ikapita mikononi mwa ABB, Adtranz, mwaka 2001 ikaangukia kwa Bombardier na 2021 Alstom wakainunua Bombardier ya treni yote kwahiyo sasa ni yao. Jina limebadilika, rangi ya boksi imebadilika, ila ukifungua kabati la pembeni mwa njia ni mtambo uleule na mafundi wa zamani bado wanaita tii ai.

Ina frikwensi nane, zimepewa herufi A mpaka H. A ni hezi 1699, B ni 2296, C ni 1996, D ni 2593, E ni 1549, F ni 2146, G ni 1848 na H ni 2445. Zinatembea wawili wawili. Njia ya kwanza unapanga A, B, A, B mpaka unachoka, njia inayofuata pembeni unaweka C na D, ya tatu E na F, ya nne G na H. Kwahiyo hata umeme wa saketi ya jirani ukivuja ukaja kwako, iwe wa mbele yako au wa njia ya pembeni, risiva yako, yaani kifaa cha kupokea kilicho upande wa rilei, haiutambui, inauangalia tu kama mgeni. Hapa walifikiria vizuri sana sina la kulalamika.

Na sio kwamba transmita, kile kifaa kinachoingiza umeme kwenye reli, inatoa hezi 1699 tulivu. Inarukaruka, inapanda hezi 17 juu na kushuka hezi 17 chini, mara 4.8 kwa sekunde. Ukiipitisha kwenye spika utasikia mlio unaotetemeka, wiu wiu wiu hivi. Risiva inataka ione ule wa juu na ule wa chini vyote viwili, vikipishana kwa mwendo uleule, vinginevyo haishiki. Hiyo ndo siri ya hii bidhaa na ndo sababu inauzika kwenye njia za umeme. Mota za treni na kontroli zake za kisasa zinatema takataka nyingi kwenye reli, hasa kwenye mazidisho ya hezi 50, sasa hezi 1700 ni mara 34 ya hamsini, ipo karibu kabisa na A, ungeogopa. Lakini umeme wa mtambo unagawanyika kwenye 1682 na 1716, huku na huku ya ile takataka, na takataka ikija ni mlio mmoja uliotulia hauna ile wiu wiu. Risiva inaukataa. Nimekaa pembeni ya njia treni za mabehewa 12 zinaondoka stesheni kwa nguvu zote, sindano ya mita ya kawaida inacheza kama imerukwa na akili, na rilei imeshika tu haitikisiki.

Lakini hiyo haina maana kwamba treni yoyote unaileta tu. Lokomotivu za Class 92 zilizotengenezwa kwa ajili ya Channel Tunnel, njia ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, zilichelewa kuruhusiwa kwenye njia za kusini mwa Uingereza kwa wasiwasi huohuo wa kuingilia saketi za reli, na treni za Eurostar za mwanzo zilifungwa kifaa cha kuchunguza umeme wao wenyewe, kikikuta unazidi kwenye frikwensi za hatari treni inajikata umeme. Kwahiyo mnunuzi asidanganywe kwamba kinga ni ya mtambo peke yake, ni makubaliano ya mtambo na treni.

Haya, twende mpakani.

Zamani ukitaka kutenganisha saketi mbili unakata reli, unaweka jointi yenye plastiki katikati isipitishe umeme. Magurudumu yanaipiga ile jointi kila siku, chuma kinachanua kidogo kidogo kuvuka plastiki, unga wa chuma wa breki unajaza, siku moja pande mbili zinagusana. Watu wa njia wanazichukia kwa sababu reli imedhoofishwa na kokoto chini yake zinashindiliwa kila leo, sisi tunazichukia kwa sababu zinaharibika, na kwenye njia ya umeme unalazimika kuweka bondi kubwa za kupitisha umeme wa treni kuzunguka kila jointi, vitu vizito na vya bei.

TI21 inafanya bila kukata. Pembeni mwa njia unaona visanduku viwili vimesimama kwenye vigingi, kimoja mwisho wa saketi A, kingine mwanzo wa saketi B, katikati yake mita 20 hivi za reli nzima iliyochomelewa. Kisanduku cha A kimetengenezwa ili kwa frikwensi ya B kionekane kama shoti tupu, na cha B vilevile kwa A. Kwahiyo umeme wa A unapita mpakani unafika kwenye kisanduku cha B unakuta ukuta. Na zile mita 20 za reli zenyewe ni koili, ndio, reli mbili na shoti mwishoni ni kama koili ya zamu moja, zikiungana na kapasita iliyomo kwenye kisanduku cha A zinatyuni, zinapandisha upinzani, umeme wa A unabaki nyumbani kwake. Yaani reli imegeuzwa kuwa sehemu ya kifaa. Mi nilivyoielewa hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa raha, maana haina jointi, haina kukata, haina kitu kinachotembea, watu wa njia wanafurahi na sisi tunafurahi.

Ila sasa ukishafanya reli kuwa sehemu ya kifaa, kila anayegusa reli anagusa kifaa chako. Hapo ndipo nyota moja ilipokwenda.

Kuna njia moja, siitaji, kontrakta mmoja alibadilisha reli usiku kwenye mpaka kama huo. Akafungua waya za visanduku, akaweka reli mpya, akarudisha waya. Waya mmoja ulikuwa umekatika wakati wa kazi, akaweka mwingine aliokuwa nao garini, mrefu zaidi, halafu kwa usafi wake akauzungusha vizuri pembeni, akaufunga na zipu za plastiki, umependeza kweli. Asubuhi kila kitu kinafanya kazi. Baada ya hapo ikawa mvua ikinyesha ile saketi inadondoka, jua likitoka inarudi. Timu mbili zimeenda, wamebadilisha transmita, wamebadilisha risiva, wameandika imepona, mvua imenyesha imedondoka tena. Tulipofika tukapima volti kwenye visanduku vyote viwili, frikwensi yake na frikwensi ya jirani, tukakuta mpaka hautyuni vizuri, umeme unavuja. Ukiangalia kwa macho hakuna kilichoharibika. Ni ile koili ya waya. Ule mzunguko uliofungwa zipu uliongeza indaktansi, yaani ile tabia ya koili ya kuzuia umeme unaobadilikabadilika, na kwenye frikwensi ya hezi elfu mbili kidogo kile kinatosha kuvuruga hesabu nzima. Kukiwa kukavu, saketi ilikuwa inavumilia, kokoto zikilowa umeme mwingine unavujia chini kati ya reli na reli, kile kilichobaki hakitoshi, rilei inadondoka. Tuliweka waya wa urefu wake, tukaseti upya, ugonjwa ukaisha.

Kwahiyo ukinunua hii kitu nunua na mita yake ya kuchagua frikwensi, usije na multimita ya kawaida ukadhani unapima. Multimita inakusanya kila kitu, A yako, C ya jirani, hezi 50 za treni, inakupa namba moja kubwa ya kukupotosha. Na pale mpakani usiruhusu mtu aweke bondi, aache kipande cha reli chakavu, afunge kitu chochote cha chuma bila kukuuliza.

Kuseti kwenyewe sio kugumu. Transmita inakula volti 24 za DC kutoka kwenye pawasaplai, pawasaplai inakula 110 za AC kutoka kwenye laini ya pembeni mwa njia. Kuna transmita ya nguvu ya kawaida kwa vipande virefu, inafika kama kilomita moja na ushee, na kuna ya nguvu ndogo kwa vipande vifupi. Risiva unaipa usikivu kwa kuunganisha vipande vya waya mbele yake kulingana na umeme uliopima. Kisha unachukua boksi la shanti, unaweka upinzani wa nusu ohmu kati ya reli na reli, hiyo ndo ekseli ya mfano, na rilei lazima idondoke. Unafanya upande wa transmita, upande wa risiva, unafanya na mpakani. Hapa ndo kuna kishawishi cha fundi mvivu: saketi inasumbua kwenye mvua, anaongeza usikivu wa risiva, anaondoka. Kesho kokoto zikikauka umeme ni mwingi, risiva inasikia mpaka minong'ono, na treni ikija shoti yake isiwe nzuri sana rilei inaweza isidondoke. Umehama kutoka kwenye kuchelewesha watu umeingia kwenye kuua watu. Mtambo wenyewe haukuzuii kufanya huo ujinga.

Na hilo la shoti isiyo nzuri lipo, msidhani ni nadharia. Huku majani yanadondoka kuanzia mwezi wa kumi, magurudumu yanayasaga yanakuwa utando mweusi mgumu juu ya reli, treni inapita juu ya utando sio juu ya chuma. Au njia haipitiwi mara kwa mara reli inashika kutu. Treni nyepesi za dizeli za breki za diski ndo mbaya zaidi kwa sababu breki za zamani za kusugua gurudumu zilikuwa zinalisafisha. Waingereza ilibidi wafunge kwenye treni hizo kifaa cha kusaidia saketi, kinapeleka umeme wa kilohezi 165 kwenye magurudumu ili uvunje ule utando, na kila msimu kuna treni maalumu za kuosha reli kwa maji ya presha na kupaka mchanga wenye gundi. TI21 haina ujanja wowote kwenye utando, volti zake kwenye reli ni ndogo. Kwenye reli zenye kutu watu wanaweka saketi za aina nyingine, zile za kupiga volti kubwa kwa mapigo mafupi, zinatoboa kutu. Kwa hiyo kama kituo chako kina njia za pembeni zinazopitiwa mara moja kwa wiki, hii siyo yako.

Na kwenye masuichi, yaani pale njia zinapogawanyika, ule mpaka mzuri hauwekeki, unarudi kukata reli na kutumia jointi.

Sasa nirudi kwenye ile tabia ya kudondoka. Ipo ajali moja ambayo mtu yeyote anayeshika saketi za frikwensi ya sauti lazima aijue, sio ya TI21, ni ya Washington, Marekani, metro yao laini nyekundu, karibu na stesheni ya Fort Totten, tarehe 22 Juni 2009. Walikuwa na saketi za frikwensi ya sauti za kampuni ya GRS. Siku tano kabla, tarehe 17, mafundi walibadilisha bondi za reli kwenye saketi inayoitwa B2-304. Moduli ya transmita ikawa inatoa mtetemo wa pembeni usiotakiwa, ule mtetemo ukapita kwenye chuma cha raki hadi kwenye risiva, haukupita kwenye reli kabisa, na ukafanana na signo halali. Maana yake risiva inasikia umeme, rilei inashika, mfumo unasema njia nyeupe, hata treni iwe imesimama juu ya reli. Siku tano treni zinapita pale, zinapotea kwenye mfumo, zinapokuwa mle hazipati amri ya mwendo lakini zilikuwa na kasi zinaserereka zinatoka upande wa pili, zinaonekana tena. Hadi jioni ya tarehe 22, treni namba 214 ikiendeshwa kwa mkono ikasimama nzima nzima ndani ya kile kipande. Treni 112 iliyokuwa nyuma ikiendeshwa na kompyuta ikapewa ruhusa ya kwenda, dereva alipoiona ya mbele akapiga breki, hazikutosha. Watu 9 walikufa, yeye mwenyewe akiwemo.

NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, walitoa ripoti yao 2010 na lililoniuma ni kwamba kulikuwa na onyo tangu 2005 pale Rosslyn, stesheni nyingine ya metro hiyohiyo, treni zilikaribia kugongana kwa ugonjwa wa aina hiyohiyo, wahandisi wakatunga kipimo cha kuugundua, halafu kipimo hicho hakikuingia kwenye kazi za kila siku. Mafundi waliobadilisha bondi hawakukifanya. Nikipima TI21 na kuna mtu pembeni analalamika kwanini tunarudia shanti sehemu tatu wakati rilei imeshashika, namuuliza kushika kwa rilei kunakuthibitishia nini. Kunathibitisha kuna umeme umefika. Umepitia wapi hakukwambii. Ule wiu wiu wa TI21 unapunguza sana nafasi ya takataka kujifanya signo, lakini ukiweka transmita na risiva za herufi moja kwenye kabati moja, waya zao zikalala pamoja kwenye mfereji mmoja, unajitengenezea Fort Totten yako ndogo. Tenganisha waya. Za kwenda huku, za kurudi kule.

Kuhusu reli kuvunjika, wauzaji wanapenda kusema saketi za reli zinagundua. Zinagundua baadhi. Ikivunjika ikaachana kabisa katikati ya kipande sawa, lakini kwenye njia ya umeme kuna bondi nyingi zinazounganisha reli za njia hii na ile kwa ajili ya umeme wa treni, signo inaweza ikazunguka kupitia huko. Ikipasuka bila kuachana haina habari. Ndani ya mpaka ndo usiseme. Wachina kwenye saketi yao ya ZPW-2000A, ambayo chimbuko lake ni UM71 ya Wafaransa, walihangaika hasa kupata ugunduzi ndani ya mpaka, na mpaka wao ni mita 29. UM71 yenyewe inatumia frikwensi nne tu, 1700, 2000, 2300 na 2600, ila ina kitu ambacho TI21 hii haina, treni ikiwa juu yake inaweza kusoma kutoka kwenye reli idhini ya mwendo, TGV, treni za kasi za Ufaransa, zimekimbia kwa ujanja huo tangu 1981 zilipoanza Paris kwenda Lyon. TI21 inajibu swali moja tu, kuna treni au hakuna. Kwangu hilo sio kosa, kitu kinachofanya kazi moja ni rahisi kukitibu.

Mshindani wake mkubwa siku hizi ni mashine za kuhesabu ekseli. Unafunga sensa mwanzo na mwisho wa kipande, inahesabu zilizoingia na zilizotoka, zikilingana pako wazi. Mvua haiisumbui, majani hayaisumbui, kutu haiisumbui, kipande kinaweza kuwa kirefu utakavyo. Ndo maana miradi mipya mingi inaenda huko na mi sishangai. Lakini umeme ukikatika na kurudi haijui kama kuna treni ndani au hamna, mtu lazima aiseti upya kwa utaratibu mkali, na mtu akikosea pale ni hatari. Halafu kuna kitu kimoja ambacho mafundi wa ofisini wanakisahau. Madereva wa huku wanabeba klipu mbili zilizounganishwa na waya, treni ikianguka na kuziba njia ya pembeni dereva anakimbia anabana klipu kwenye reli mbili za njia ile, anapiga shoti, taa za njia ile zinakuwa nyekundu papo hapo kabla hajampata mtu kwenye simu. Kwenye saketi ya reli inafanya kazi. Kwenye mashine ya kuhesabu ekseli unaweza kubana klipu mpaka kesho.

Sasa kwa wa nyumbani. Reli yetu ya zamani ya mita moja, ya kati na hata ile ya Kenya kwenda Uganda, sehemu kubwa imelala kwenye mataruma ya chuma. Taruma la chuma linashika reli zote mbili, hiyo ni shoti kila hatua. Bila insulesheni nzuri kati ya reli na taruma saketi ya reli yoyote ile haiwezekani, usiruhusu mtu akuuzie TI21 kwa njia hiyo. SGR ni ya mataruma ya zege, hapo mambo tofauti. Na wanaosema ETCS Level 2, mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni, kama iliyopo SGR ya Tanzania haihitaji vitu vya chini, hapana, Level 2 inampa dereva idhini kwa redio lakini kugundua treni ipo wapi bado ni kazi ya kifaa cha chini, iwe saketi, iwe kihesabu ekseli. Kingine ni wizi. Mpaka wa TI21 una waya za kushuka kutoka kwenye reli kwenda kwenye visanduku, ziko nje zinaonekana, huku Uingereza zenyewe zinaibiwa sembuse kwetu. Zikiibiwa rilei inadondoka, hakuna hatari, ila treni zinasimama.

Cha mwisho ni spea, na hili linaumiza mfuko. Kwenye hii ya zamani transmita, risiva na kisanduku cha mpakani vyote vimefungwa kwenye herufi yake. Transmita ya A haiwi ya B. Kwahiyo stoo yenye herufi zote nane inatakiwa kuwa na kila kitu mara nane, pawasaplai tu ndo inaingiliana, na ukikosa G unakosa G hata kama una rafu nzima ya E. EBI Track 400 imerekebisha hilo, ni ya dijiti, transmita na risiva zake sio za herufi moja, na inatumia visanduku vilevile vya pembeni mwa njia, kwahiyo mwenye 200 anaweza kuhamia bila kugusa mpaka. Anayeanza leo kutoka sifuri aulizie bei ya 400 kwanza. Mwenye 200 inayofanya kazi akae nayo, anunue mita ya kuchagua frikwensi, na ahakikishe stoo yake ina G.